Wananitaka Nirudi Kuwa Mama wa Kambo Katili, Nami Sitaki

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa miaka mingi, wala sikudhani kwamba siku moja ningekaa kuandika barua yangu mwenyewe. Mimi ni mwigizaji. Nilipokuwa na umri wa miaka 26 nilipewa nafasi ya mama wa kambo katika tamthilia ya televisheni ambayo, bila yeyote kati yetu kutarajia, ilidumu misimu saba na kutazamwa na watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuifanya. Mwanamke niliyemwigiza alikuwa mkatili wa kimyakimya. Hakupiga kelele wala hakushika fimbo. Alizima taa ya chumba cha watoto kabla hawajamaliza kusoma, akaficha barua za marehemu mama yao, na kila alipotenda hayo alitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonipa jina, na ndilo linalonifuata mpaka leo. Watu nisiowajua huniita kwa jina la mhusika. Bibi mmoja aliwahi kuhama kiti katika chumba cha kumsubiri daktari baada ya mimi kuketi karibu naye. Mara nyingi nilicheka tu, kwa kuwa mwigizaji akichukiwa kwa sababu ya uhusika wake, hiyo ni sifa.

Tamthilia ilikwisha miaka tisa iliyopita. Tangu hapo nimeigiza jukwaani, nimesoma vitabu vya kusikiliza na nimefundisha waigizaji chipukizi. Si kazi za kuleta umaarufu wala fedha nyingi, lakini ninazipenda. Miaka minne iliyopita niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, naye alikuwa na watoto wawili: msichana ambaye sasa ana miaka 11 na mvulana wa miaka 8. Kwa hiyo, Shangazi, nimekuwa mama wa kambo kweli. Mwaka wa kwanza yule msichana alikuwa akilala na tochi chini ya mto. Sikumuuliza sababu, kwa kuwa niliijua. Tochi ile iliondoka taratibu, bila mtu kutamka neno, na siku nilipotandika kitanda chake nikaikosa, nilikaa sakafuni nikalia.

Miezi miwili iliyopita mtayarishaji alinipigia simu. Wanataka kuirudisha tamthilia kwa msimu mmoja wa sehemu nane, hadithi ikianzia miaka kumi baada ya ilipoishia, na mhusika wangu ndiye mhimili wake. Nilimwambia nina onyesho la jukwaani. Akasogeza upigaji picha kwa miezi mitatu. Nikamwambia malipo ni madogo, akayaongeza. Nikamwambia sina hakika na uandishi. Akaniletea waandishi nizungumze nao. Kila nilichosingizia aliniondolea njiani, tena kwa upole. Mwisho akasema kwamba hata vipande viwili tu vitatosha. Wiki iliyopita aliongeza, kwa sauti ya mzaha, kwamba siku hizi kompyuta inaweza kuirudisha sura ya mtu, ingawa wao wangependa niwe mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Yupo pia mwenzangu aliyeigiza kama mume wangu. Hajapata kazi kubwa tangu tulipomaliza. Alinipigia akasema kwamba kituo kitaidhinisha msimu mpya iwapo sisi wawili tutakuwamo. Hakunisihi, alisema tu kwamba mwanawe anaingia chuo kikuu mwaka huu. Nilimjibu kwamba nitafikiria, na hapo nilidanganya, kwa kuwa nilikwisha kufikiri. Mwongozaji wetu, ambaye ndiye aliyeniokota wakati hakuna aliyenijua, naye aliniandikia ujumbe wa maneno manne: "Bila wewe hakuna hadithi." Mume wangu anasema kazi ni kazi, kwamba fedha zile zingemaliza deni la nyumba, na kwamba watoto wataelewa.

Je, ninayo haki ya kukataa? Nikikataa, nitakuwa nimewanyang'anya wenzangu riziki? Na nitasemaje bila kuwavunjia heshima watu walionitoa mbali?

Ni mimi,
Aliyechoka Kutabasamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hukulitaja jina la tamthilia, nami sitajaribu kulikisia, ingawa ninakiri kwamba kuna mama wa kambo mmoja niliyemrushia maneno makali nikiwa peke yangu mbele ya televisheni. Kama ndiye wewe, pokea pongezi zangu zilizochelewa.

Haki unayo, na sidhani kwamba hilo ndilo swali linalokunyima usingizi. Hata hivyo, haki hiyo hulindwa na karatasi, kwa hiyo kabla hujazungumza na mtu mwingine yeyote, utafute mkataba wako wa zamani uusome wote, ikiwezekana pamoja na mwanasheria anayezifahamu kazi za sanaa. Mikataba mingi ya tamthilia huwa na kifungu kinachompa mtayarishaji uwezo wa kumwita mwigizaji kwa msimu unaofuata, kwa muda maalumu na kwa kiwango kilichotajwa. Baada ya miaka tisa kifungu cha namna hiyo kwa kawaida huwa kimekwisha nguvu, lakini "kwa kawaida" si neno la kuegemea unapoandika barua ya kukataa. Sheria zenyewe hutofautiana toka nchi hadi nchi. Katika jimbo la California, kwa mfano, mwigizaji Olivia de Havilland aliishtaki studio iliyotaka kumfunga zaidi ya miaka saba, na mwaka 1944 mahakama ikampa ushindi. Waigizaji wa huko wanafaidika na uamuzi huo mpaka sasa. Ukiwa na mkataba mkononi, tazama pia unasema nini kuhusu malipo ya marudio na kuhusu matumizi ya sura na sauti yako. Nitayarudia yote mawili, kwa kuwa yanagusa mambo ambayo barua yako imeyapita haraka.

Sasa niseme kilichonishtua. Barua yako inaeleza kwamba umekuwa ukikataa kwa miezi miwili. Nimeisoma mara tatu, na sijaona mahali ulipokataa. Ulisema una onyesho, kisha ukasema malipo ni madogo, kisha ukautilia shaka uandishi. Hayo yote ni masharti, na mtu anayetoa masharti anaeleweka kuwa yuko tayari kukubali yakitimizwa. Mtayarishaji aliyakuta masharti matatu akayatimiza matatu. Sitamtetea kwa mzaha wake wa kompyuta, lakini kabla ya hapo alifanya kile ambacho mtayarishaji yeyote mwungwana angekifanya: alimsikiliza mwigizaji wake, akagharamika, akasogeza ratiba ya watu wengi kwa sababu aliamini kwamba jambo linakwenda. Ukisingizia ratiba, wataisogeza ratiba. Ukisingizia fedha, wataongeza fedha, na siku ile utakapoishiwa visingizio utaonekana mtu aliyewazungusha, hata kama tangu siku ya kwanza moyo wako ulikuwa umekwisha kukata shauri.

Kwa hiyo nataka ujiulize swali moja, na ujijibu ukiwa peke yako, bila mumeo wala mwongozaji wako masikioni: kama wangekuletea kila ulichokitaja, na zaidi, ungerudi? Kuna watu wanaodhani wanakataa nafasi kumbe wanakataa namna inavyoletwa. Patrick Stewart alimwigiza Jean-Luc Picard, nahodha wa chombo cha angani, katika mfululizo wa Star Trek kuanzia mwaka 1987 hadi 1994, na miaka mingi baadaye alipoombwa arudi, amesimulia mwenyewe kwamba alikwenda kwenye kikao akiwa na nia ya kukataa kwa adabu. Walichomwonyesha kilimfanya abadili mawazo: mzee aliyeacha utumishi, anayeishi na majuto, asiyerudi kwenye sare na kiti chake cha zamani. Alirudi, na mfululizo mpya ukaonyeshwa toka 2020 hadi 2023. Mtu wa namna hiyo hakuwa anamkataa Picard. Alikuwa anakataa kumrudia Picard yuleyule. Kama nawe ungerudi iwapo wangekuandikia mwanamke anayewaomba watoto wale msamaha, basi hilo ndilo la kumwambia mtayarishaji, na umwambie waziwazi, na kila kitu nitakachokiandika hapa chini hakikuhusu.

Nilivyokusoma, jibu lako ni hapana. Nimelisoma katika ile tochi. Hata hivyo, sababu yako nayo inahitaji kukaguliwa, kwa maana ninaogopa kwamba unaibebesha mzigo isioweza kuubeba. Unadhani ukikataa, sura ile ya kutabasamu haitaingia tena nyumbani mwako. Itaingia. Kituo kinapotaka kuzindua msimu mpya wa tamthilia ya zamani, jambo la kwanza kinalofanya ni kuirudisha misimu iliyotangulia hewani ili watazamaji wakumbuke na wapya wajue hadithi. Picha zile ni mali yao, na wewe umekwisha kuzikubali katika mkataba uliousaini ukiwa na miaka 26. Kama kifungu cha malipo ya marudio kipo, utalipwa kitu, na kama hakipo, zitaonyeshwa vilevile. Wanafunzi wenzake msichana wako, ambao walikuwa wachanga tamthilia ilipokwisha, wataiona kwa mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, utani unaouogopa unaweza kuja hata kama hutakanyaga tena mbele ya kamera ile.

Sisemi hayo ili nikurudishe. Nasema ili usije ukakataa kwa sababu ya watoto, kisha watoto wakachokozwa shuleni, ukaanza kujiuliza kama ulipoteza fedha za deni la nyumba bure, au, vibaya zaidi, ukajikuta unawatazama wao kana kwamba wana deni lako. Ukatae kwa sababu ambayo itabaki imesimama hata hilo likitokea. Nadhani unayo. Kumwigiza mwanamke yule ulipokuwa huna mtoto wa kulea kulikuwa ufundi. Kumwigiza sasa kungekudai uingie kila asubuhi chumbani mwa watoto wa kuigiza uwazimie taa, kisha urudi jioni uwashe taa ya watoto wako. Wapo waigizaji wanaoweza kuvuka mstari huo mara mbili kwa siku bila kudhurika, na ninawaheshimu. Wewe umeniambia, bila kutumia maneno hayo, kwamba huwezi au hutaki. Inatosha. Mwigizaji ana haki ya kupajua mahali pake panapouma na kukataa kupakodisha.

Nije kwa mwenzako, kwa kuwa hapo ndipo ulipo uzito wa barua yako. Kwanza nitenganishe sifa na ukweli. Mwongozaji wako aliposema kwamba bila wewe hakuna hadithi, alikuwa anakusifu, na sifa hiyo unaistahili; lakini kama kauli kuhusu utayarishaji, mara nyingi si kweli. Tamthilia ya Frasier iliporudishwa mwaka 2023, David Hyde Pierce, aliyekuwa Niles, mdogo wake mhusika mkuu, kwa miaka 11 na kushinda tuzo nne za televisheni za Emmy kwa nafasi hiyo, alichagua kutorudi. Ungemuuliza mtazamaji yeyote wa zamani, angekwambia kwamba Frasier bila Niles haiwezekani. Waandishi walimrudisha Frasier Boston, wakamzungushia watu wapya, na kazi ikaendelea kwa misimu miwili. Huenda haikuwa ileile, lakini watu walipata ajira. Sex and the City nayo iliporudi mwaka 2021 kwa jina jipya bila Kim Cattrall, aliyemwigiza Samantha, waandishi walieleza kwamba mhusika huyo amehamia London kikazi na kwamba ameachana na marafiki zake, kisha wakamfanya awe anawasiliana nao kwa ujumbe wa simu tu. Pacha Mary-Kate na Ashley Olsen, waliopokezana nafasi ya mtoto Michelle katika Full House toka wakiwa wachanga, hawakutokea tamthilia hiyo iliporudishwa mwaka 2016. Familia ilisema tu kwamba Michelle ana shughuli zake za mitindo New York, wakaitazama kamera kwa pamoja, wakaendelea.

Waandishi wazuri wana njia nyingi za kumwondoa mtu: husafiri, hufa, hufungwa, hukatwa hewani katikati ya simu. Mama wa kambo aliyekufa na kuacha wosia wenye sumu, mwanangu, anaweza kuwa na nguvu kuliko aliye hai. Nakupa bure, unaweza kuwapelekea.

Lakini sitakufariji kwa uongo. Inawezekana kabisa kwamba kituo hiki, kwa tamthilia hii, kitasema hapana bila wewe, na mwenzako akakosa kazi aliyokuwa anaiona kwa macho. Likitokea, ataumia kweli, na huenda akakununia. Hutakuwa umemnyang'anya riziki, kwa sababu riziki hiyo ilikuwa imefungwa na kituo kwa sharti la watu wawili, na aliyelifunga si wewe. Ila kuna jambo moja ambalo kweli unadaiwa naye, nalo ni hii miezi miwili. Kila siku uliyosema "nitafikiria" ilikuwa siku ambayo yeye alipanga matumizi kichwani, na waandishi waliandika hadithi inayokuzunguka wewe, wakati wangeweza kuwa wanaandika nyingine. Kukataa mapema kungewapa nafasi ya kutafuta njia. Kukataa leo kunawapa nafasi ndogo kuliko ile, na kukataa mwezi ujao huenda kusiwape yoyote. Hapo ndipo unapopaswa kuomba radhi, na uiombe kwa jina lake: kuchelewa. Usiombe radhi kwa kukataa, maana ukilichanganya hilo na lile utajikuta unakubali kulipa fidia ya deni lisilokuwapo, na fidia yenyewe itakuwa vile vipande viwili.

Kuhusu vipande viwili, ushauri wangu ni mkali. Usivikubali. Kipande kimoja hakipimwi kwa dakika zake. Cattrall alikubali kutokea mara moja mwaka 2023, katika mazungumzo ya simu yaliyopigwa picha bila wenzake wa zamani kuwapo, na habari za kurejea kwake zilitangulia msimu wenyewe hewani. Watu walizizungumzia dakika zile chache zaidi kuliko sehemu nzima zilizozitangulia. Yeye alijua anachokifanya, na masharti yalimfaa. Wewe ukipiga picha vipande viwili, sura yako itakaa kwenye tangazo, utaulizwa maswali ya wanahabari, na msimu wa pili ukija utaambiwa kwamba ulikwisha kurudi, kwa nini sasa uringe? Anayekubali nusu hujadiliwa upya kila mwaka.

Sasa ile kauli ya kompyuta. Ichukulie kwa uzito hata kama ilisemwa kwa kicheko. Yapo mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Mhusika ni wao. Jina lake, mavazi yake, maneno yake, hata ukatili wake, ni mali ya mtayarishaji, na wanaweza kumpa mwigizaji mwingine kesho asubuhi. Hilo likitokea utaumia kidogo, nami nakushauri umtumie mwigizaji huyo salamu za heri. Picha za zamani nazo ni zao kwa kiwango kinachotajwa na mkataba. Tom Baker, aliyewahi kuwa mhusika mkuu wa tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who, alipokataa kushiriki katika kipindi chake maalumu cha mwaka 1983, watayarishaji walichukua vipande vyake kutoka katika hadithi ya zamani ambayo wakati huo ilikuwa haijamalizika wala kuonyeshwa, wakaviweka ndani, na kwenye picha ya pamoja ya waigizaji wakasimamisha sanamu yake ya nta. Ni kichekesho cha aina yake, lakini kinakuonyesha jinsi mtu anavyoweza kukataa kisha akawepo.

Uso na sauti yako ya leo, hata hivyo, ni suala jingine. Crispin Glover hakurudi katika filamu ya pili ya Back to the Future ya mwaka 1989, na watayarishaji wakamvisha mwigizaji mwingine sura ya bandia iliyotokana na uso wake. Glover alikwenda mahakamani na kesi ikamalizwa kwa yeye kulipwa. Waigizaji wa Marekani walipogoma kwa siku 118 mwaka 2023, mojawapo ya mambo waliyoyapigania na kuyapata ni kwamba nakala ya kidijitali ya mwigizaji isitengenezwe bila ridhaa yake na bila malipo. Mkataba wako wa zamani huenda haukuota hata ndoto ya teknolojia hii, na ukimya wake unaweza kusomwa kwa namna mbili. Usiuache uwe kimya. Barua yako ya kukataa iseme waziwazi kwamba huridhii sura, sauti wala mwenendo wako kutengenezwa upya kwa kompyuta kwa ajili ya msimu huo au kazi nyingine, na mwanasheria akusaidie maneno ya sehemu hiyo. Kama kuna chama cha waigizaji unachoweza kukiendea, kiulize kabla hujatuma.

Maneno yaliyobaki uyaandike mwenyewe, na yawe machache. Ningekuwa mimi ningeandika hivi: "Nakushukuru kwa nafasi hii na kwa uvumilivu wako. Nimeamua kwamba sitarudi katika tamthilia, kwa msimu mzima wala kwa kipande. Uamuzi huu hautokani na malipo, ratiba wala uandishi, na hautabadilika. Naomba radhi kwamba sikuusema siku uliyonipigia mara ya kwanza." Halafu aya ya sura na sauti, kisha sahihi. Hutaona watoto humo, na hilo nimelikusudia. Sababu ukiitoa, itajadiliwa: utaambiwa kwamba mhusika atalainishwa, kwamba watoto watapewa mwanasaikolojia, kwamba mtaandika pamoja. Watoto wako hawapaswi kuwa kifungu katika majadiliano ya mtu yeyote. Wanahabari wakikuuliza baadaye, sentensi moja inatosha, na isiwe yenye kuwachoma wenzako. Kuna waigizaji waliokataa vizuri faraghani kisha wakaharibu kila kitu kwa mahojiano.

Mwongozaji mwandikie kando, kwa mkono kama mwandiko wako unasomeka. Huyo anastahili sababu halisi, kwa sababu hana mkataba wa kukusainisha, na kwa sababu mtu aliyekuokota wakati hujulikani alikuona wewe kabla hajamwona mama wa kambo. Mweleze habari za tochi. Sitashangaa akikuelewa kuliko wote.

Mwenzako mpigie simu, na umpigie kabla barua haijamfikia mtayarishaji, ili asiisikie kwa mtu wa tatu. Usimpe matumaini na usimwahidi kumtafutia kazi, isipokuwa kama kweli unamjua mtu wa jukwaani anayehitaji mwigizaji wa umri wake. Katika hali hiyo mtaje mtu huyo kwa jina, siku hiyohiyo.

Na usiogope kwamba utajuta. Huenda ukajuta. Baker, ambaye nimemtaja, alisema baadaye kwamba alijutia uamuzi wake wa 1983, kisha mwaka 2013, miaka zaidi ya 30 tangu aiache nafasi ile, akatokea kwa dakika chache katika maadhimisho ya miaka 50 ya tamthilia hiyo akiwa mzee mwenye mvi, na watazamaji wakampokea kwa furaha kubwa. Mlango wa televisheni una tabia ya kutofungwa kabisa. Wa utotoni hufungwa, na msichana wa miaka 11 hana muda mrefu kabla hajaufunga kwa ndani.

Mumeo ana hoja yake, na si hoja ndogo. Kaeni na hesabu ya deni mezani, mwone lingelipwa kwa miaka mingapi kwa fedha zile na kwa miaka mingapi bila hizo. Aliposema watoto wataelewa, muulize kama amekwisha kuwauliza.

Ninyi wawili mtalazimika kufanya hivyo kwa vyovyote, kabla marudio hayajaanza. Ningekushauri usisubiri wayaone kwa jirani au kwa simu ya mwanafunzi mwenzao. Chagua mwenyewe sehemu moja ya zamani, ile ya taa kama unaiweza, uketi nao jioni moja muitazame. Waonyeshe pale ambapo mtu wa taa alikuwa amejificha nyuma ya pazia akisubiri ishara yako, na jinsi watoto wale walivyokuwa wakishindwa kujizuia kucheka hadi mkarudia mara tano. Kisha umpe msichana rimoti, umwachie aizime yeye.